Jikoni na Nesi, sehemu ya 7: Keki ya matunda ni keki

Leo naleta mada tamu halafu naiharibu kidogo. Mtanivumilia.

Tangu msimu wa maembe uanze, kila mtu anaoka keki ya kupindua. Ile ambayo unapanga matunda chini ya chombo, juu ya siagi na sukari, unamwagia rojo la keki, ikiiva unaipindua kwenye sahani na matunda yanatokea juu yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Wamarekani ndio walioivumisha kwa nanasi la kopo, miaka ya 1920, wakati mananasi ya Hawaii yalipojaa madukani kwao. Sisi tuna nanasi bichi la Kiwangwa, tuna embe, tuna ndizi, na ukibahatika kupata mtu anayeshuka kutoka Lushoto, unapata mapichi na plamsi. Keki hii ni yetu kabisa, tuioke. Mimi mwenyewe naipenda kuliko hizi keki za dukani zilizojazwa aisingi mpaka mtoto analamba rangi ya bluu anaacha keki.

Ninachokataa ni lile neno. Eti "keki ya lishe". Eti "ina matunda, mpe tu mtoto". Hapana, jamani. Keki ya matunda ni keki.

Hesabu yenyewe hii hapa. Mapishi mengi ya keki hii yanataka kikombe kizima cha sukari kwenye rojo, na theluthi mbili za kikombe kule chini pamoja na siagi. Kikombe cha sukari ni karibu gramu 200, kwa hiyo hapo umeshatumia kama gramu 330. Ukiikata vipande 8, kila kipande kina gramu 41 hivi. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni gramu 4. Vijiko 10, mama, kwenye kipande kimoja, na bado hatujahesabu soda iliyowekwa pembeni yake.

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2015, linasema sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula cha siku. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000 hiyo ni gramu 50, vijiko 12 hivi, na wakashauri tukiweza tushuke mpaka nusu yake. Sasa mtoto wa miaka 4 hali kama mtu mzima. Kipande kile kimoja kinammalizia fungu lake la siku na kupitiliza. Asali na juisi navyo vinaingia kwenye hesabu, msinidanganye. Kisichoingia ni sukari iliyomo ndani ya embe lenyewe analolitafuna, kwa sababu pale anapata na nyuzinyuzi, anapata maji, anashiba, na sukari inaingia mwilini taratibu. Ukiliweka embe hilohilo kwenye oveni, sehemu ya vitamini C inakufa kwa moto, na juu yake umeshamimina sukari. Tunda lipo, ndiyo. Ila kazi yake imebadilika, limekuwa pambo.

Mtasema nesi anakuza mambo. Kuna mama mmoja tulikuwa naye kliniki, mjamzito, ana kisukari cha mimba. Ameacha soda, ameacha chai ya sukari, amepunguza ugali, na sukari yake bado inagoma kushuka. Tukakaa tukaongea taratibu, bila kufokeana. Ikatoka kwamba mdogo wake anaoka keki za kuuza, na kila jioni anamletea kipande kizuri cha ile ya nanasi, "kwa kuwa wewe umeambiwa ule matunda". Hakuna aliyekuwa na nia mbaya pale. Mdogo mtu alikuwa anampenda dada yake. Lile jina ndilo lililowaponza, kwa sababu keki ya kawaida yule mama angeikataa bila hata kufikiri.

Ndiyo maana nashikilia jina. Mwite mtoto mezani umwambie, "Leo kuna keki." Ale, afurahi, aache makombo. Na bakuli la embe lililokatwakatwa likae palepale pembeni, siku hiyo na siku nyingine zote ambazo keki haipo.

Haya, jinsi ninavyooka mimi. Unga wa ngano kikombe kimoja na nusu, beking pauda vijiko 2 vya chai, siagi gramu 115, mayai 2, maziwa nusu kikombe, vanila kidogo, chumvi chembe. Sukari nusu kikombe kwenye rojo, na robo kikombe tu kule chini pamoja na siagi vijiko vikubwa 2. Nakata vipande 12. Piga hesabu mwenyewe: gramu 150 kwa 12, ni vijiko 3 kwa kipande. Haitakuwa tamu ya kukuuma meno, lakini tunda likiwa limeiva sawasawa hakuna atakayekuuliza. Wifi yangu anasema keki yangu ni ya wagonjwa. Anakula vipande viwili.

Tunda liwe limeiva ila bado gumu kidogo. Embe lililolainika sana linageuka uji. Nanasi nalo lina maji mengi, likate vipande vyembamba ulikaushe kwa kitambaa safi, la sivyo keki inabaki mbichi katikati. Ndizi chukua zile zenye madoa meusi ambazo watoto wamezikataa. Mapichi yachovye kwenye maji ya moto sekunde chache, ganda linatoka lenyewe. Papai na tikiti achana navyo kwenye keki hii, vile tunda mkononi. Ukikosa mapichi mabichi ukanunua ya kopo, yale yanayotoka Afrika Kusini, mwaga ule mchuzi wa sukari wote na uyasuuze. Wengi wanaumiminia kwenye rojo eti usipotee. Acha upotee.

Ambaye hana oveni asijione mnyonge. Sufuria kubwa, mchanga chini, chombo cha keki juu ya mchanga, mfuniko wa bati na makaa juu yake. Kwa keki hii weka moto mdogo chini na mwingi juu, maana sukari iko chini na inaungua haraka. Na jiko la mkaa likae nje au sehemu yenye upepo. Usiliingize ndani ukafunga mlango kwa sababu mvua inanyesha. Ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua familia nzima ikiwa usingizini.

Sasa hapa kwenye sukari ya moto ndipo nataka mnisikilize kuliko kote. Mapishi mengi yanakwambia uyeyushe sukari na siagi kwenye moto mpaka iwe karameli. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Karameli inapita 160, na tena inanata. Maji ya moto yakimmwagikia mtoto yanatiririka, karameli inaganda pale pale kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Mimi nyumbani kwangu siichemshi. Napaka siagi laini kwenye chombo, nanyunyiza sukari, napanga matunda, mengine inamalizia oveni. Ladha inapungua kidogo, sikatai. Ila mtoto wa miaka 2 anavuta chochote kinachoning'inia, kitambaa, mpini wa kikaangio, kanga yako.

Hata kwenye kupindua kwenyewe watoto watoke jikoni. Iache keki ipoe kama dakika 10 kwanza, kisha weka sahani juu, shika kwa vitambaa vikavu, pindua mbali na mwili wako. Ukisubiri mpaka ipoe kabisa itaganda kwenye chombo, ukiharakisha ule mchuzi wa moto unakumiminikia kifundoni.

Mtoto akiungua, bomba. Maji ya kawaida yatiririke juu ya kidonda dakika 20, angalia saa, maana dakika 20 huku mtoto analia ni ndefu sana na wengi wanaacha kwenye ya 3. Usiwe na bomba, mimina kwa kikombe polepole. Sehemu nyingine ya mwili ifunike asipate baridi. Vua nguo na bangili zilizo karibu, isipokuwa iliyonata kwenye ngozi, hiyo iache. Funika kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi, twende hospitali. Barafu hapana. Dawa ya meno hapana, ute wa yai hapana, asali hapana, unga wa ngano hapana. Vyote hivi nimevisafisha kwenye vidonda vya watoto kwa mikono yangu, na kila mara mtoto analia zaidi wakati wa kuvitoa kuliko alivyolia akiungua. Malengelenge msiyapasue.

Mlioniuliza kuhusu watoto wadogo: chini ya miaka 2 keki hii wasipewe, mponde ndizi au embe bichi umpe kwa kijiko. Asali chini ya mwaka mmoja usimpe kabisa, hata kidogo kwenye chuchu ya chupa, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvidhibiti.

Sehemu ya 8 ni uji wa lishe wa mchanganyiko wa nafaka kumi na mbili. Huko nako nina maneno. Mimi narudi zamu ya usiku.