Taa ya Baskeli Isipimwe kwa Ukali Peke Yake

Mtu atokaye Konde kwenda Wete kwa baskeli baada ya sala ya Isha ana haja mbili: aione njia, na asimpofue anayemjia. Taa inayotimiza haja ya kwanza ikaidhulumu ya pili haijawa taa.

Dinamo ya kawaida hutoa volti 6 na wati 3 tu. Enzi za balbu, wati 2.4 zilikwenda mbele na 0.6 nyuma, na wengi wetu tunakumbuka ilivyokuwa: ukipanda mlima polepole mwanga hufifia, ukisimama huzimika. Leo, kwa nguvu ile ile, taa za LED hutoa mwanga mwingi zaidi, na zilizo bora huendelea kuwaka dakika chache baada ya gurudumu kusimama.

Ndipo ilipoingia biashara ya nambari. Sheria ya Ujerumani hutaka taa ya mbele itoe walau luksi 10 katika umbali wa mita 10. Sasa madukani ziko za 80 na hata 100. Mnunuzi na ajue kwamba luksi hiyo hupimwa pale penye mwanga mkali kuliko pote. Kiwanda chaweza kuukusanya mwanga wote katika doa moja dogo kikajipatia nambari kubwa. Kingine kikautandaza mwanga ule ule, nambari ikashuka. Katika njia iliyonyooka, doa la mbali lina faida yake. Katika barabara zetu za Pemba, zenye milima na kona, mwanga mwembamba humulika mikarafuu ilhali njia imekwisha kupinda, na mbuzi aliyesimama ukingoni haonekani mpaka amefikiwa.

Sheria hiyo hiyo huubana mwanga usipande juu ya kiwango chake, ili usiingie machoni pa watu. Taa nyingi za bei rahisi, zenye mwanga wa duara kama kurunzi, hazina mpaka huo.

Kwa hiyo tunawaomba wakubwa wa Taasisi ya Viwango Zanzibar wasitosheke na nambari ya boksini. Ukuta mweupe, usiku, na kamba ya mita 10 vyatosha kuanzia: upana wa mwanga na ukingo wake wa juu huonekana kwa macho. Nao mafundi wetu, wakati wa kufunga taa, waiinamishe kidogo. Kazi hiyo ni ya spana moja.