KAZI ZA NYUMBANI: Kukaza Filamu na Kuiosha

Huko Nyanchwa, katika nchi ya Kisii, mvua hunyesha kwa wingi na chemchemi si haba. Kwa hiyo mtu asafishaye filamu nyeusi na nyeupe katika chumba cha giza nyumbani kwake hana udhuru wa kuiosha vibaya. Hata hivyo, picha nyingi za wazee waliokwisha kufariki zimegeuka manjano na sura zao zinafutika. Mara nyingi kosa si la kamera, bali ni la haraka ya mwisho.

Sababu ni hii. Filamu itokapo katika dawa ya kutokeza picha, bado ina chumvi za fedha zisizopigwa na mwanga. Zisipoondolewa, zitazidi kuwa nyeusi kila zionapo mwanga. Dawa ya kuziyeyusha ni haipo, ambayo Mwingereza John Herschel aligundua nguvu zake mwaka 1819, akaitumia kwa picha mwaka 1839.

Basi, kwanza kata ncha ya filamu isiyo na picha, uitie katika haipo, utazame saa. Weupe wake kama wa maziwa ukiisha kwa dakika 2, filamu na ikae dakika 4. Siku ncha itakapochukua muda maradufu kuliko dawa ilipokuwa mpya, dawa hiyo imechoka, isitumiwe tena. Wala isimwagwe mtoni au karibu na chemchemi, maana ina fedha iliyoyeyuka, nayo hudhuru viumbe vya majini.

Kisha huja kuosha, ndipo wengi wakosapo. Haipo ikibaki ndani ya filamu huila picha pole pole kwa miaka mingi. Mwenye mfereji aache maji yatiririke nusu saa. Asiye nao afuate njia ya kiwanda cha Ilford cha Uingereza, mradi haipo yake haina dawa ya kugumisha: achuje maji kwa kitambaa, ajaze chombo, akipindue mara 5, amwage; ajaze tena, mara 10; ajaze tena, mara 20. Maji yawe na joto la digrii 20 hivi, maana maji ya asubuhi huko milimani ni baridi, na baridi hukawiza kazi.

Mwisho, filamu itundikwe pasipo vumbi. Mzee akiisha kuzikwa hapigwi picha ya pili. Dakika chache za maji ndizo zitakazowaonyesha wajukuu uso wake.