Gurudumu Si Pambo

Mtu apitaye jioni katika barabara za Dar es Salaam, Arusha au Mwanza hakosi kukutana na magari ya mbio, hasa Subaru Impreza zilizokwisha kutumika Japani, yakiwa yamefungwa magurudumu ambayo kiwanda hakikuyakusudia. Rimu ni kubwa na zinang'aa; tairi limebaki utepe mwembamba wa mpira; na gari limesimama juu yake mfano wa mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Vijana hulishangilia, na mwenye gari hujiona amelipandisha daraja. Lakini katika shangwe hiyo kuna swali moja lisiloulizwa: ni nani aliyepiga hesabu?

Hesabu yenyewe si ya kuogofya. Imeandikwa ubavuni mwa kila tairi, na mwanafunzi yeyote wa sekondari aliyefundishwa asilimia na mzingo wa duara anaweza kuifanya ubaoni. Chukua tairi la 205/55 R16, kipimo kinachofahamika sana kwa magari ya aina hiyo. Upana wake ni milimita 205. Kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, yaani karibu milimita 113. Na rimu ni ya inchi 16. Kwa hiyo gurudumu zima, kutoka ardhini hadi juu, lina milimita 632. Sasa mwenye gari anakwenda Kariakoo, anavutiwa na rimu za inchi 18, na anauziwa matairi ya 225/45 kwa kuwa ndiyo yaliyopo dukani. Kimo kipya ni milimita 660. Gurudumu limekua kwa zaidi ya asilimia 4, na hakuna aliyeiarifu mita ya mwendo. Dereva akisoma 50 mbele ya shule, gurudumu linampeleka kama aliyesoma 52. Akisoma 100 katika barabara kuu, ni kama aliyesoma 104. Ni kweli kwamba viwanda huzitega mita zisome juu kidogo kuliko mwendo halisi. Akiba hiyo ndiyo inayoliwa. Wala tofauti hiyo si ndogo kama inavyoonekana, maana nishati ya gari hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Asilimia 4 za mwendo ni kama asilimia 9 za nishati ambayo breki hazina budi kuimeza. Na breki ni zile zile za zamani, zikishindana na gurudumu refu lenye wenzo mrefu zaidi, na mara nyingi lililo zito zaidi.

Wapo waliokwisha kusikia habari hiyo, wakaliepuka kosa la kimo kwa kuingia katika kosa la pili. Hawa hufunga rimu za inchi 19 na tairi la 215/35. Kimo kinabaki milimita 633, na mita inasema kweli. Lakini ubavu wa tairi umeshuka kutoka milimita 113 hadi 75. Ubavu huo ndio mto wa hewa unaopokea pigo la shimo, la tuta, la jiwe na la ukingo wa lami iliyokatika. Mto ukipunguzwa kwa theluthi moja, pigo halipotei. Linahamia kwenye rimu, kutoka hapo kwenye beringi, shokapu na viungo vya usukani. Pamoja na hayo, kila tairi lina namba ya mzigo. Namba 91 ina maana kwamba tairi moja hubeba kilo 615. Namba 85 ni kilo 515. Aliyetoka kwenye 91 akaenda kwenye 85 ameipunguza akiba ya gari lake kwa kilo 400, na muuzaji aliyemhesabia fedha zake kwa uangalifu mkubwa hakumwambia neno.

Rimu hizo nazo hutofautiana. Zile za bei nafuu zilizosubiwa bila uangalifu hupasuka zikipigwa, au hupinda zikawa zinavuja upepo usiku kucha. Rimu iliyopasuka hupelekwa kwa mchomeleaji, ikazibwa, ikapakwa rangi ya fedha na kurudi barabarani ikiwa mpya machoni mwa watu. Tundu la katikati ya rimu ya Impreza lina milimita 56.1, likikaa juu ya kitovu cha ekseli bila nafasi. Rimu nyingi za madukani zina tundu kubwa zaidi ili zifae magari ya kila aina, na pasipokuwa na pete ya kujaza nafasi hiyo usukani huanza kutetemeka. Fundi huambiwa aongeze balansi. Rimu ikigusa madigadi, madigadi hupondwa kwa nyundo. Ikigusa shokapu, huwekwa spesa ili gurudumu litokeze nje, na beringi iliyopangiwa kubeba uzito mahali pamoja inajikuta inaubeba mahali pengine.

Kwa Impreza ya WRX kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi wanalijua na wateja wao hawataki kulisikia. Gari hilo huendeshwa na magurudumu yote manne kwa wakati wote, na katikati yake kuna difu inayogawa nguvu mbele na nyuma. Subaru huagiza kwamba mizingo ya matairi manne isipishane zaidi ya robo inchi, yaani kama milimita 6. Tairi likilika milimita moja tu, mzingo wake hupungua kwa milimita 6. Basi mwenye gari ambaye fedha zimemwishia kwenye rimu, akanunua matairi mawili mapya na mawili yaliyolika nusu, ameivuka mipaka hiyo mara nne kabla hajatoka gereji. Difu ya kati inazunguka pasipo kupumzika hata barabara ikiwa imenyooka, mafuta yake yanachemka, na siku inapokufa lawama hupewa Subaru.

Inashangaza zaidi kuona chanzo cha kasumba hii. Impreza ilijipatia jina katika mashindano ya magari: ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1995, 1996 na 1997, na ushindi wa Colin McRae katika Safari Rally ya mwaka 1997, mashindano ambayo wakazi wa Afrika Mashariki waliyatazama wenyewe wakiwa wamesimama kando ya vumbi. Safari iliporejea katika mashindano ya dunia mwaka 2021, huko Naivasha, magari yale yalikuja na magurudumu gani? Katika barabara za udongo na changarawe magari ya ubingwa wa dunia hufungwa rimu za inchi 15, ndogo kuliko zile anazozitupa kijana wa Sinza. Ubavu wa tairi huachwa uwe mnene makusudi, kwa sababu dereva wa mashindano anajua shimo ni nini. Rimu za inchi 18 huwekwa kwa ajili ya lami tu. Anayedhani kwamba anamwiga bingwa wa Safari kwa kufunga inchi 19 katika barabara yenye viraka anamwiga mtu asiyekuwapo.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Rimu kubwa si uovu kwa asili yake. Kiwanda chenyewe kilipoiwekea Impreza ya STI breki kubwa zaidi kilizifunika kwa rimu za inchi 17, na ubavu mfupi wa tairi humpa dereva usukani mwepesi wa kujibu katika lami iliyo nzuri. Anayebadili magurudumu akalinda kimo, namba ya mzigo, tundu la kitovu na jinsi rimu inavyokaa ndani ya madigadi, hana anayemdai kitu. Lakini huyo ametanguliza karatasi na kalamu, naye ni nadra.

Jibu la wengine ni kwamba gari ni mali ya mtu binafsi. Ni jibu dhaifu. Mtumishi anayekatwa mshahara kulipia mkopo wa gari, kisha akafunga juu yake magurudumu ya kuliharibu, anaweza kusema hasara ni yake. Lakini mtoto anayevuka barabara kwenda shuleni hakushirikishwa katika uamuzi huo, wala mwendesha pikipiki aliye mbele, wala atakayelinunua gari hilo miaka miwili baadaye pamoja na difu iliyoungua. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikuandikwa kwa ajili ya mapambo. Gari lililoharibiwa na mwenyewe kwa hiari ni bovu sawasawa na lililoharibika kwa uzee. Ukaguzi unaofanywa gari linapoingia nchini hauwezi kuona kile ambacho gereji itakifunga mwezi mmoja baadaye.

Hivyo askari wa usalama barabarani, anapoitazama stika na leseni, hana budi kuinama pia alitazame tairi na kuisoma namba yake ya mzigo. Vyuo vya VETA vinavyofundisha ufundi wa magari viifanye hesabu ya magurudumu kuwa mtihani. Muuzaji wa rimu aandike katika risiti kipimo alichokiuza na aina ya gari lililokusudiwa, ili siku ya ajali pawe na mtu wa kuulizwa. Na fundi, kabla hajafungua nati ya kwanza, aufungue mlango wa dereva. Kwa kawaida hapo nguzoni kiwanda kimebandika karatasi ndogo yenye kipimo cha tairi na upepo wake, na katika magari mengi yaliyotoka Japani karatasi hiyo ingali inasomeka.