Sultani Amekufa, Tuzike na Zimwi Lake

Wadau, tarehe 30 Desemba 2024 mzee Jamshid bin Abdullah alifariki dunia mjini Muscat, Oman, akiwa na umri wa miaka 95. Kwa wale waliokuwa wanasinzia kwenye kipindi cha historia, huyu ndiye Sultani wa mwisho wa Zanzibar, yule aliyepinduliwa Januari 12, 1964. Mungu amrehemu.

Nimezaliwa miaka mingi baada ya Mapinduzi. Sina shamba la mikarafuu lililotaifishwa, wala sina babu aliyekaa baraza la mawaziri. Lakini nimekulia katika nchi ambayo huyu mzee alitumika kama zimwi. Mtoto akisumbua usiku anaambiwa zimwi linakuja. Mpiga kura wa Zanzibar akianza kuuliza maswali, anaambiwa Sultani anarudi. Hilo ndilo linaloniudhi, na ndilo nataka tulizike.

Hebu tumtazame kwanza Sultani mwenyewe. Alirithi kiti Julai 1, 1963, baada ya kifo cha baba yake, Abdullah bin Khalifa. Desemba 10 mwaka huohuo Waingereza wakashusha bendera yao. Siku 33 baadaye mambo yakawa yamekwisha. Akiwa na miaka 34 akapanda meli yake, akaelekea Mombasa, akakatazwa kushuka. Na Mombasa ilikuwa ndani ya ule ukanda wa pwani wa maili kumi ambao hadi mwaka 1963 ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar! Mwenye nyumba wa jana ananyimwa hata pa kukaa barazani. Akapitia Dar es Salaam, kisha akapandishwa ndege kwenda Uingereza.

Huko akaishi Southsea, mtaa wa mji wa Portsmouth, kwenye nyumba ya kawaida, kwa miaka 56. Hata Oman, ilikotoka asili ya ukoo wake, kwa miaka mingi haikutaka ahamie kwao kwa sababu za kiusalama. Ilimruhusu Septemba 2020, akiwa mzee wa miaka tisini na ushee. Katika muda wote huo hakukusanya jeshi kuja kudai kiti chake. Hata waandishi wa habari alizungumza nao kwa nadra sana. Jamani, huyu ndiye tuliyekuwa tunatishwa naye?

Sasa nisieleweke vibaya. Najua kuna vijana wenzangu siku hizi wanaosambaza picha za zamani za Forodhani na magari ya kifalme, wakisema enzi zile Zanzibar ilikuwa pepo. Hao nao wanajidanganya. Uchaguzi wa Julai 1963 chama cha ASP kilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura, lakini kikaambulia viti 13 kati ya 31. Muungano wa ZNP na ZPPP, wenye kura pungufu, ukachukua viti 18 na kuunda serikali chini ya Mohammed Shamte. Mtu aliyeshinda kwa kura akashindwa kwa viti, juu ya kumbukumbu ya utumwa na ardhi iliyoko mikononi mwa wachache, hawezi kuambiwa atulie. Mapinduzi yalikuwa na sababu. Na Mapinduzi hayohayo yaliua maelfu ya watu, wengi wao wakiwa hawajawahi kukanyaga jumba la Sultani. Mwenye akili timamu anaweza kuyashika mambo yote mawili kwa wakati mmoja. Tatizo ni kwamba zimwi halitaki tuyashike yote mawili.

Tazama kazi ambayo zimwi hili limefanya. Maalim Seif Sharif Hamad alikuwa mtoto wa Pemba aliyepanda ngazi ndani ya serikali ya Mapinduzi hiyohiyo mpaka akawa Waziri Kiongozi, mwaka 1984 hadi 1988. Alipohamia upinzani na kuanza kugombea urais mwaka 1995, chama chake cha CUF kikabandikwa jina: wanataka kumrudisha Sultani. Waziri Kiongozi wa Mapinduzi kageuka wakala wa Mwarabu kwa usiku mmoja! Hoja zake za uchaguzi, tume na Pemba kuachwa nyuma hazikuhitaji kujibiwa tena. Sultani alishazijibu kwa niaba ya serikali, akiwa Southsea, bila hata kujua.

Na hili halikuishia kwenye maneno. Januari 27, 2001 waandamanaji waliodai uchaguzi wa mwaka 2000 urudiwe walipigwa risasi. Walikufa zaidi ya watu 30, na takriban 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Nchi iliyokuwa ikijisifu kwa kupokea wakimbizi ikazalisha wa kwake. Simaanishi kwamba neno “Sultani” ndilo lililofyatua risasi. Ninachosema ni kwamba ukimwita jirani yako wakala wa adui kwa miaka mitano mfululizo, siku akipigwa hutashtuka sana.

Kinachochekesha ni kwamba watawala wetu hawana ugomvi wowote na Oman. Mwaka 2022 Rais Samia alikwenda Muscat kwa ziara ya kiserikali, akapokewa kwa heshima zote, na hakuna aliyesema ameuza Mapinduzi. Nami nasema alifanya vizuri. Lakini haiwezekani Mwoman awe ndugu wa damu wakati wa kutafuta wawekezaji, halafu awe jinamizi wakati wa kampeni. Huo kwa Kiswahili cha mtaani tunauita usanii.

Na wakati sisi tunalinda mlango asirudi mtu ambaye hakuwa anakuja, ndani ya nyumba mambo yanaporomoka. Beit al Ajaib, jumba alilojenga Sultan Barghash mwaka 1883, lilianguka sehemu yake Desemba 25, 2020 na kuua watu. Halikubomolewa na Sultani wala na wapinzani. Lilichoka, likasubiri ukarabati mpaka likashindwa kusubiri.

Kuna atakayeniambia kuwa kila jamhuri inawaogopa wafalme wake wa zamani. Si kweli, tazama majirani zetu. Kabaka Mutesa II wa Buganda alikimbia Uganda mwaka 1966, akafia London mwaka 1969. Mwaka 1971 mwili wake ukarudishwa na kuzikwa Kasubi, na mwaka 1993 mwanawe Ronald Mutebi, aliyekulia uhamishoni Uingereza, akatawazwa Kabaka. Jamhuri ya Uganda ina matatizo yake chungu nzima, ila hilo halikuiua. Mfalme Kigeli V wa Rwanda alifia Marekani Oktoba 2016 baada ya zaidi ya nusu karne uhamishoni, na Januari 2017 akazikwa nyumbani, Nyanza. Asubuhi yake Rwanda ilikuwa bado ni jamhuri.

Sipigi debe usultani urudi. Mimi ni mtu wa jamhuri, na naamini mtu asitawale kwa sababu ya tumbo alilotoka. Lakini jamhuri inayojiamini haihitaji zimwi. Inajibu maswali ya wananchi wake: ajira ziko wapi, kura zimehesabiwaje, kwa nini uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa? Hakuna hata swali moja kati ya hayo ambalo jibu lake ni Jamshid bin Abdullah.

Kwa hiyo, waheshimiwa wa majukwaani, mzee amezikwa Muscat. Mwachieni apumzike, nanyi mtafute hoja. Na sisi vijana, siku nyingine tukiambiwa Sultani anarudi, tuulize kwa adabu kabisa: anarudi kutoka kaburi gani?

Naomba kuwasilisha.