Msaada na Fidia Visichanganywe

Mwananchi aishiye bondeni huyatazama mawingu kwa hofu, na hofu hiyo haitokani na maji peke yake. Anajua kwamba maji yakishapungua itaanza taabu ya pili: kuorodheshwa, kungojeshwa na kudaiwa vielelezo ambavyo vimekwenda na mafuriko.

Mwezi Desemba, 2011, mafuriko makubwa yaliupata mji wa Dar es Salaam, na watu wapatao 40 wakapoteza maisha. Wengi waliookolewa katika Bonde la Msimbazi walihifadhiwa katika majengo ya shule, na baadaye Serikali ikawapa waathirika viwanja huko Mabwepande. Huo ulikuwa msaada. Miaka zaidi ya kumi baadaye, bonde lile lile liliingizwa katika mradi wa kuliendeleza; nyumba zikathaminiwa, wenyewe wakalipwa na kutakiwa kuhama. Hiyo ni fidia.

Mambo haya mawili hayafanani. Msaada hutolewa kwa utu, kwa kadiri ya uwezo wa taifa, kwa kila aliyepatwa na maafa. Fidia ni haki: Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka iwe kamili, ya haki na ilipwe mapema, ardhi ya mtu inapotwaliwa kwa manufaa ya umma. Mtumishi anayemwambia mwananchi kuwa fidia yake ni hisani anamdhulumu. Na yule anayemwahidi fidia mtu atakayepata msaada tu anampa tumaini la uongo. Kutokana na makosa hayo mawili huzaliwa manung'uniko ambayo huelekezwa kwa Serikali nzima.

Msaada nao hauna budi kumfikia mwenye dhiki. Mpangaji wa chumba kimoja hupoteza godoro, cherehani na madaftari ya watoto, lakini kwa kuwa hana nyumba, jina lake huweza kusahauliwa. Tena, kiwanja kitupu kilicho mbali na mahali pa riziki ni nusu ya msaada. Asiye na uwezo wa kujenga hushawishika kurudi bondeni. Baada ya maporomoko ya tope ya Hanang ya Desemba, 2023, yaliyoua watu zaidi ya 80, familia zilizopoteza makazi zilijengewa nyumba zaidi ya 100 huko Waret. Mfano huo wafaa kufuatwa.

Wajibu wetu sisi watumishi na walimu ni mkubwa kuliko tunavyodhani. Orodha ya waathirika huandikwa na mtendaji, na mara nyingi darasani mwa mwalimu ndimo watu wanamolala. Basi orodha hiyo isomwe hadharani, mbele ya waathirika wenyewe. Wapangaji waandikwe kama wapangaji, wala wasifutwe. Kila mmoja aelezwe waziwazi anachopewa ni msaada au ni fidia, na mahali pa kupeleka malalamiko yake. Hayo hayahitaji fedha za kigeni wala mtaalamu, yanahitaji uaminifu.

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kwa mwananchi aliyesimama kwenye tope, Serikali si jengo la makao makuu. Serikali ni yule ndugu aliyeketi mbele yake, ameshika kalamu.