Hodi Isiyongoja Karibu



Hodi ni neno dogo lenye kazi kubwa. Anayelitamka husimama nje na kuuliza, na swali la kweli daima lina majibu mawili. Lakini katika mitaa yetu ya Bujumbura, hususan huku Buyenzi ambako barabara huitwa kwa namba na nyumba zimeegemeana kama watu waliochoka, hodi imegeuka kuwa kama honi ya gari: mtu huipiga huku akipita. Asemapo “hodi”, mguu mmoja umekwisha ingia ukumbini. Asemapo “wenyewe mpo?”, mkono umekwisha funua chungu.

Ninaye jirani ambaye kwa heshima yake sitamtaja jina. Amenizidi umri kwa miaka isiyopungua 20, nami humwita shangazi ingawa hatuna damu moja. Usiku niliposhikwa na uchungu wa mtoto wangu wa pili, mume wangu akiwa safarini, ni yeye aliyenishika mkono hadi zahanati, na ni yeye aliyebaki na mwanangu mkubwa siku nne. Nayaeleza haya mapema ili msomaji asidhani kuwa nasimulia habari za mtu mbaya. Kuwawekea mipaka watu wabaya ni jambo jepesi. Mtu hufunga mlango akalala. Taabu ni kuwawekea mipaka wale wanaotupenda.

Shangazi huyu aliingia kwangu wakati wowote, alfajiri na usiku. Pasi yangu ya makaa iliizoea nyumba yake kuliko yangu. Haya niliyavumilia, na pengine ningaliyavumilia hadi leo. Lakini siku ya mshahara nayo aliijua kama mimi. Jioni moja mwishoni mwa mwezi alinikuta nikizihesabu faranga 80,000 za ada ya mwanangu mkubwa, anayesoma shule ya kulipia. Akaketi mkekani, akasema, “Mwanangu, nisitiri. Ni siku tatu tu.” Moyo wangu ulisema hapana. Ulimi wangu nikausikia ukisema, “Haya, shangazi.”

Siku tatu zikawa majuma matatu. Mwanangu akarudishwa nyumbani na karatasi mkononi, akakaa uani siku sita akisoma madaftari ya zamani, na jaribio la kwanza la muhula likampita. Aliniuliza kama ada yake imeibwa. Sikuwa na la kumjibu, maana haikuibwa. Niliitoa mwenyewe kwa mikono miwili.

Baya zaidi lilikuwa bado. Kwa kuwa niliogopa kusema neno moja wakati wake, nikaanza kusema mengi yasiyo na wakati. Niliposikia sauti ya shangazi njiani, nilijificha chumbani na kumtuma mtoto aseme, “Mama hayupo.” Mimi niliyesomea ualimu, niliyefundishwa chuoni kwamba mtoto huiga tendo kabla ya neno, nilikuwa namfundisha mwanangu kusema uongo mlangoni pangu. Nilimsengenya shangazi kisimani na kazini. Mbele yake nilicheka. Wapo wanaouita ukarimu mwenendo kama huo. Mimi niliyeutenda nauita woga.

Najua kuna watakaosema kwamba mambo ya mipaka ni mambo ya Kizungu, na kwamba Mwafrika halisi mlango wake haufungwi. Nawaomba wanaosema hivyo wazitazame nyumba za wazee wetu. Rugo la Kirundi lilizungushiwa ua, nalo lilikuwa na lango lake, irembo, na mgeni hakutokeza tu kitandani pa mwenye nyumba. Nyumba ya Kiswahili ina baraza, kisha ukumbi, kisha vyumba, kisha ua. Na kila hatua ina watu wake. Mgeni wa barazani hakutukanwa kwa kuketishwa barazani. Alipewa kahawa, akaheshimiwa, akaondoka.

Wala dini hazikunyamaza. Katika Sura ya Annur, aya ya 27 na ya 28, waumini wameamrishwa wasiingie nyumba za watu wengine mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na wakiambiwa rudini, warudi. Tazama jinsi jambo hili lilivyo zito: kuambiwa rudi hakukufanywa kuwa tusi. Aya ya 58 ya sura hiyohiyo inaingia hata ndani ya familia, ikitaja nyakati tatu ambazo hata watoto hawana budi kuomba ruhusa: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wavuapo nguo zao, na baada ya sala ya isha. Masheikh wetu husimulia pia habari za Abu Musa al-Ash'ari, aliyebisha mara tatu mlangoni pa Khalifa Umar, asijibiwe, akageuka akaenda zake bila kinyongo. Na ndugu zetu Wakristo wakifungua Mithali, sura ya 25, aya ya 17, watakuta shauri kwamba mtu asizidishe kwenda nyumbani kwa jirani yake, asije akamchosha na kuchukiwa.

Kuhusu mikopo, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ile ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, ni aya inayofundisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Lakini sisi tukimwambia ndugu “tuandikiane”, hutazamwa kana kwamba tumemtemea mate.

Basi nilifanya nini? Kwanza nilingoja hasira ipoe, kwa kuwa mpaka uliowekwa kwa hasira hauna tofauti na ugomvi. Kisha nilikwenda mwenyewe nyumbani kwake. Sikumtuma mtoto, wala sikusema kupitia ukutani ili asikie, kama tulivyozoea baadhi yetu akina mama. Nilipiga hodi, nikangoja. Tulipokwisha salimiana nikamwambia, “Shangazi, nimekuja na maneno, na nakuomba uyapokee kwa mtoto wako. Ada niliyokupa ilikuwa ya mwanangu, na amerudishwa. Kosa la kwanza ni langu, sikukwambia. Naomba tupatane jinsi ya kurudisha. Na tena, mimi nitokapo kazini huwa nimechoka. Nakuomba ukija, uniite langoni, uningoje nitoke.”

Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Usiku ule nilipokupeleka zahanati, mimi niliandika daftarini?”

Wasomaji, neno hilo lilinipata. Nakiri kwamba nilitaka kusamehe deni lote papo hapo na kukimbilia nyumbani. Aghalabu hapa ndipo wengi wetu hushindwa: si kwa kukosa haki, bali kwa kukumbushwa fadhila. Nilikaa, nikamjibu kwamba deni la usiku ule sitalimaliza kulilipa, wala sitaki kulimaliza. Akiugua, mimi ndiye nitakayemshika mkono. Lakini zile faranga hazikuwa zangu hata nizitoe sadaka. Zilikuwa za mtoto. Hakujibu. Nilirudi nyumbani, na kwa juma zima hatukusemezana.

Mume wangu aliniambia nimeharibu ujirani wa miaka tisa kwa ajili ya ada ya muhula mmoja. Hilo nalo lina ukweli wake, na sitaki kumficha msomaji: anayeweka mpaka huenda akapoteza kitu. Ila mume wangu huyo naye alikuwa na mzigo wake, kwani mdogo wake alikuja kwetu kwa majuma mawili kutafuta kazi, akakaa miezi minane. Katika jambo hilo nilikataa kusema mimi. Mke anayewaambia ndugu za mumewe “basi” hubeba lawama ya ukoo mzima peke yake; kila mtu na aseme na damu yake. Mume wangu alisema naye, kwa taratibu, akimpa mwezi mmoja na nauli. Shemeji amepanga chumba Kamenge, na Jumapili huja kula kwetu akicheka kuliko zamani.

Ya simu ni mafupi. Nilikuwa napokea simu za wenzangu wa ofisini hadi saa nne za usiku, kwa maneno ambayo yangaliweza kungoja kuche. Sasa huizima baada ya isha. Hakuna ofisi iliyoporomoka.

Tena nisije nikaeleweka vibaya. Ziko nyumba mjini humu zilizoinua kuta na kupanda vipande vya chupa juu yake, ambamo mtu akifa jirani huambiwa na harufu. Mimi siwaalikeni huko. Chumvi na kibiriti huombwa kwangu hadi leo, tena hupewa.

Siku ya nane shangazi alimtuma mjukuu wake na faranga 10,000 zilizofungwa katika kipande cha kitenge. Mwezi uliofuata alituma nyingine. Hadi naandika zimebaki 60,000, na ada ya muhula huu tumeilipa kwa kujinyima nyama. Kuhusu hodi, ametii kwa namna yake: husimama langoni na kuita kwa sauti ya kuisikia barabara nzima, “Hodi! Hodi! Hodi! Mwenye nyumba, leo naruhusiwa?” Majirani hucheka. Mimi nacheka nao, ingawa kidogo hunichoma.

Ijumaa iliyopita aliita hivyohivyo, mara tatu, akangoja juani hadi nilipotoka jikoni. Alikuwa na bakuli la mandazi yenye iliki, yangali moto. Nilipolipokea, akaniinamia na kusema, “Haya usiyaandike daftarini.” Nikamwambia, karibu ndani, shangazi. Akaingia.