JASON, KAPUMZIKE BABA!

Jamani wapenzi wa video, hivi huyu Jason atakufa lini? "Friday the 13th" ya kwanza, ya 1980, ilitisha kwa sababu ilikuwa na uchungu: muuaji ni mama mtu, analipiza kisasi cha mwanawe aliyezama ziwani. Sisi wa Mikindani, ambao bahari inatulisha na siku nyingine inatuchukulia ndugu, kilio hicho tunakijua.

Baadaye mama akasahaulika, ikabaki biashara. Ya nne, 1984, wakatangaza ndiyo mwisho. Mwaka uliofuata ikaja ya tano, na muuaji wala si Jason, ni mtu mwingine kavaa kinyago! Ya nane, 1989, walituahidi Manhattan, lakini sehemu kubwa ya picha wamo melini. Meli si hata bandarini Mtwara zipo? Ya tisa, 1993, "mwisho" tena. Ya kumi wakamrusha anga za juu!

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili la Jason tumelizoea mno, limebaki kutula hela tu. Unataka kutishika kweli? Tafuta ile ya kwanza, basi. Tukutane wiki ijayo.